Maswali ya Wasomaji: Mchora ramani anunue Quadro au kadi ya gemu?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nachora ramani za nyumba kwa AutoCAD na Revit. Siku hizi wateja wanadai na picha za 3D, kwa hiyo nimeanza kurenda (kutengeneza picha kamili kutoka kwenye modeli) kwa Blender. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7050 ile nyembamba, i5-7500, RAM ya GB 16, pawa saplai ya wati 180, haina kadi ya grafiki. Dukani nimeonyeshwa kadi mbili zilizotumika, Quadro P1000 na GTX 1650, zote za GB 4. Muuzaji anasisitiza Quadro, kadi za NVIDIA za kazi, kwa kuwa ndiyo ya mainjinia. Nichukue ipi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Chukua GTX 1650, mradi iwe ile fupi isiyochomekwa waya wa umeme. Muuzaji hakudanganyi, ila anachosema hakihusu programu zako.

AutoCAD na Revit huchora kwenye skrini kupitia DirectX, njia ya Windows ya kuamuru kadi, ileile ya gemu, na kadi za gemu ziko vizuri hapo. Revit ikikwama unapofungua modeli kubwa au kusogeza ukuta, mara nyingi kinachosubiriwa ni prosesa, na kadi yoyote haitakusaidia. Blender nayo, ikirenda kwa Cycles (injini yake ya kurenda), inataka viini vingi, yaani vitengo vya kukokotoa ndani ya kadi, na kumbukumbu ya kutosha. P1000 ina viini 640, GTX 1650 ina 896. Tena P1000 ni ya kizazi cha Pascal, na NVIDIA imeshatangaza kwamba tawi la 580 ndilo la mwisho la draiva mpya (programu inayoendesha kadi) kwa kizazi hicho. GTX 1650 ni Turing, kizazi kilichokuja baadaye.

Kuna kadi ya tatu ya kuulizia kabla hujatoa hela: T1000. Chipu yake ni TU117, ileile ya GTX 1650, na viini ni 896 vilevile. Unachoongezea pesa ni draiva iliyopimwa na watengenezaji wa programu za uhandisi, pamoja na matumizi madogo ya umeme: wati 50 badala ya 75. Kwa kava lako jembamba hizo wati 25 zina maana. Ukipata T1000 ya GB 8 kwa bei isiyopishana sana, iache GTX.

Nasema GB 8 kwa sababu kumbukumbu ndiyo itakayokusumbua mapema. Picha moja ya ukuta au sakafu yenye pikseli 4096 kwa 4096 inakula MB 64 ikishapakiwa kwenye kadi, hata kama faili lake kwenye diski ni MB 5. Weka ishirini, umeshatumia zaidi ya GB 1.2, na bado majani, samani na Windows yenyewe. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, Blender inakatisha kazi au inaanza kuazima RAM ya kompyuta na kasi inaporomoka. Ukibaki na GB 4, fungua sehemu ya Simplify ndani ya Blender, weka Texture Limit iwe 2048, na kila picha ya aina hiyo itashuka hadi MB 16. Kwenye picha ya nyumba inayoonekana kwa mbali, mteja hataona tofauti.

Sasa umeme. Tundu la PCIe linatoa wati 75 kwa juu kabisa, na baadhi ya kompyuta za ofisini zimewekewa kikomo cha chini zaidi, kwa hiyo soma mwongozo wa modeli yako. Fundi akikushauri kadi yenye tundu la pini 6 kwa kutumia adapta ya SATA, kataa. Kiunganishi cha SATA kimepangiwa wati 54 kwenye laini ya volti 12, wakati pini 6 zinaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki ya adapta inayeyuka, na moto unaweza kuanzia hapo.

Pima pia urefu: bamba la nyuma liwe fupi, kama sentimita 8, si 12. T1000 na P1000 zina matundu ya mini DisplayPort tu. Monita ya HDMI inatosheka na adapta ya kawaida, lakini ya VGA inahitaji adapta yenye chipu ya kubadilisha mawimbi.

Usilipe kabla ya kadi kuwashwa. Fungua GPU-Z, programu inayotambua kadi. Kadi ya zamani iliyobadilishwa jina kwa programu hutajwa FAKE mwanzoni mwa jina. Kisha iendeshe FurMark, programu ya kuitesa kadi, kwa dakika 15 ukiangalia joto, na vidoti au mistari ya rangi ikitokea, irudishe.

SWALI: Nasoma uhandisi mitambo, natumia SolidWorks kwenye kompyuta ya mezani yenye RTX 3050. RealView haibonyezeki na modeli inazunguka kwa kusitasita. Niuze ninunue Quadro? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Usiuze bado. RealView imefungwa makusudi kwa kadi za gemu, nayo ni mapambo ya skrini tu, haigusi vipimo wala michoro yako. Kusitasita ni jambo jingine. Kwanza hakikisha waya wa monita umechomekwa kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Kosa hili ni la kawaida mno. Halafu funga mafaili yote, ingia System Options, Performance, uondoe alama kwenye Use software OpenGL, mpangilio unaoiacha kadi na kuchora kwa prosesa. Mwisho, weka upya draiva ya Studio (ya NVIDIA kwa programu za ubunifu) kwa kuchagua usakinishaji safi. Kadi ya kazi itakufaa ukifikia mikusanyiko ya maelfu ya vipande, au mwajiri akitaka kadi iliyothibitishwa. Ukifika huko, RTX A2000 inatumia wati 70 na haihitaji waya wa ziada.