Ijue Kazi ya Mtoto Kabla ya Kutafuta Alama

Wewe unayeanza kusoma picha za zamani za watoto wafanyakazi, anza na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa picha iliyopigwa na Mmarekani Lewis Hine mwaka 1908: binti msokota nyuzi, kiwanda cha pamba cha Lincolnton, North Carolina, anachungulia dirishani huku mashine ikiwa ubavuni mwake. Nikajaza kurasa mbili: dirisha ni uhuru, mashine ni gereza. Mwalimu wangu akaniuliza swali moja: "Hilo dirisha liliwekwa pale la nini?" Nikakosa jibu.

Viwanda vile vilijengwa na madirisha makubwa kwa sababu msokotaji hana budi kuuona uzi uliokatika. Mara nyingi yalifungwa, maana hewa ikikauka uzi hukatika ovyo. Kumbe mwanga ule unaomwangukia binti usoni ndio uliomweka kazini. Nilipolijua hilo, dirisha halikuacha kuwa alama, lilizidi kuniuma. Na Hine mwenyewe aliandika katika maelezo ya picha kwamba mtoto ametupa jicho nje kwa kitambo tu, kwamba alisema ana miaka 11, na kwamba yupo kazini zaidi ya mwaka. Maelezo hayo usiyakate kamwe. Hine alikuwa mwalimu, akaajiriwa na kamati ya kitaifa ya Marekani iliyopinga ajira ya watoto. Alipiga picha na kuandika ili sheria ibadilike. Alijua anachotaka tukione, nasi tukumbuke hivyo tunapomsoma.

Tazama anavyowasimamisha watoto kando ya mashine, safu za bobini, vijiti vya kuzungushia nyuzi, zikirudi nyuma mpaka zinapotea. Wengi husema mashine ni jitu linalommeza mtoto. Sawa, lakini mashine ile ni rula pia: inatuonyesha kimo cha mtoto. Hine mwenyewe alikadiria kimo cha watoto kwa vifungo vya kizibao chake, akaandika kwa siri mkono ukiwa mfukoni. Msokotaji mmoja wa kiwanda cha Whitnel alikuwa na inchi 51, kama sentimita 130, akilipwa senti 48 kwa siku. Alipoulizwa umri alisita, akasema hakumbuki, kisha akamnong'oneza kwamba hajafikia umri wa kufanya kazi ila anafanya hivyo hivyo. Umri unaweza kufichwa, kimo hakifichiki.

Ndivyo ilivyo pia kwa wavulana wa makaa ya mawe wa South Pittston, Pennsylvania, Januari 1911, waliokaa wameinama wakichambua mawe katika makaa. Usikimbilie kusema weusi ule ni huzuni. Ni vumbi, na Hine aliandika kwamba liliingia mpaka ndani kabisa ya mapafu yao. Anza na mapafu.

Ukipata faili kubwa kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani, yenye picha zake zaidi ya 5,000 za watoto hawa, vuta karibu mikono na miguu kabla ya nyuso. Katika picha ya kiwanda cha Bibb, Macon, Georgia, 1909, mvulana amepanda juu ya mashine kwa sababu hafikii bobini. Hana viatu. Kaa na mguu ule juu ya chuma dakika kumi nzima, ndipo ushike kalamu.