Kwa nini nawapa mkono wangu

Mwanangu Salma,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza kwa nini naacha madaktari wanafunzi wajifunzie kwangu pale kliniki ya presha, na kwa nini nimekubali kutolewa damu ya utafiti. Najua unaniuliza kwa uchungu wa mama yako.

Alhamisi nilitoka Mbagala hakujapambazuka. Binti mmoja mwanafunzi akanifunga mkanda wa mashine juu ya mkono wa gauni, huku ananiuliza habari za nyumbani. Ikasoma 168 kwa 100. Mwalimu wake hakumfokea. Alimwambia: mpandishe mama mkono wa gauni, mkono wake uegemee mezani usawa wa moyo, asikunje nne, apumzike dakika tano, na usimsemeshe. Wakapima upya, 150 kwa 92. Ile ya kwanza ingeandikwa, huenda ningeongezewa dawa nisiyoihitaji. Yule binti atapima maelfu ya watu, Salma. Bora kosa lile alifanye kwangu, mwalimu akiwa ubavuni.

Na utafiti, daktari alinisimulia habari za mji wa Framingham, kule Marekani. Mwaka 1948 walianza kuwafuatilia wakazi 5,209, wakiwapima kila baada ya miaka miwili. Enzi hizo madaktari wengi waliona presha kupanda uzeeni ni kawaida tu. Kwa kuwafuata watu walewale miaka nenda miaka rudi, ndipo ikabainika kuwa presha, sigara na mafuta mengi kwenye damu hutangulia ugonjwa wa moyo, mtu akiwa bado hajahisi chochote. Wakaendelea na watoto wao, kisha wajukuu. Lakini wale si sisi. Hawali tunachokula, hawaishi tunavyoishi. Wa hapa Dar nao lazima wafuatiliwe.

Hajahisi chochote! Hapo nilimkumbuka baba yako. Yeye aliona ni kichwa tu cha kila siku, anakunywa kidonge cha dukani, anakwenda kazini. Presha yake ilipimwa mara ya kwanza siku aliyoanguka kwa kiharusi.

Fomu ya ridhaa nilisomewa kwa Kiswahili mpaka mwisho. Nikitaka kujitoa nitajitoa, na matibabu yangu yataendelea vilevile.

Daftari langu la kliniki liko kabatini, chini ya khanga, miaka kumi na miwili ya namba. Wewe huna hata moja, na umeshafika 34. Nenda kapime wiki hii. Kaa dakika tano kwanza, kisha nitumie zote mbili, ya juu na ya chini.

Mama yako