Mwanangu, kuhusu watu wanaojaza vitu stoo

Mwanangu marahaba. Voisi yako nimeisikiliza jana usiku alafu nikairudia asubuhi, nakujibu kwa maandishi mana kwa voisi nitasahau nusu. Unasema jirani yako hapo Malmö, Uswidi, mwalimu tu wa shule ya msingi, mtu mpole, kakufungulia stoo yake ukakuta madumu ya maji, makopo ya maharage, redio ya betri, jiko dogo la gesi na bahasha ya hela taslimu, ukajiuliza mtu na akili zake timamu amefikaje huko. Alafu ukanichokoza kwamba hata mama yako sukari iko chini ya kitanda. Haya.

Kwanza usidhani wote wanaogopa mwisho wa dunia. Wapo wa hivyo, wale wanaochimba mahandaki huko Marekani, hao waache na mambo yao. Mtu wa kawaida anaanza kuweka vitu ile siku anapoenda dukani na hela yake mkononi na hela ikashindwa kununua. Hela ipo, kitu hakipo. Ukikutana na hiyo siku mara moja hata maduka yakaja kujaa miaka arobaini wewe jicho lako linabaki kwenye rafu.

Sisi ilitukuta. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, mwaka uliofuata Idi Amin wa Uganda akaingia Kagera tukaenda vitani, mafuta yakapanda dunia nzima, fedha za kigeni zikaisha, viwanda vikakosa spea na malighafi vikawa vinafanya kazi leo kesho vimelala. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda miezi 18. Tukafunga. Miezi ikaisha sukari haijarudi. Nyie mnasikia tu stori za foleni mnacheka lakini mimi nimefua nepi za kaka yako kwa majani ya mpapai, na ugali tuliokula ni wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, na Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi hairuhusiwi barabarani kwa ajili ya kubana mafuta. Sukari na sabuni mpaka balozi wa nyumba kumi akuandike ndio uende duka la kaya, na ukifika unaweza kuambiwa imeisha. Hata sanda mwanangu. Mtu anafiwa anaanza kuzunguka mji anatafuta sanda.

Kwa hiyo wakati ule ukiona watu wamepanga mstari unapanga kwanza, kuuliza wanauza nini ni baadae. Na hapa ndio kuna jibu la swali lako kama unataka la haraka. Nyumba yangu inahitaji sukari kilo moja, nikipewa nafasi ya kuchukua mbili nachukua mbili, mana sijui nyingine inakuja lini, na wa nyuma yangu ananiona nimechukua mbili na yeye anataka mbili. Hakuna mjinga hapo, wote tuna akili, na ile akili yetu wote ndio inamaliza sukari kabla foleni haijafika katikati. Uhaba ulikuwepo kweli lakini sisi wenyewe tulikuwa tunaukuza.

Ndio maana 2020 wakati wa korona uliponitumia picha za wazungu wanagombania karatasi za chooni mimi sikushangaa sana. Viwanda vilikuwa vinaendelea kutengeneza. Lakini ulivyonieleza mwenyewe, hizo supamaketi zenu haziweki stoo kubwa, gari linaleta kiasi kilekile kinachouzwa. Sasa kila nyumba ikiongeza pakiti moja tu juu ya ile ya kawaida, saa sita mchana rafu nyeupe, mtu anapita anapiga picha, picha inaingia kwenye simu, na yule ambaye hakuwa na habari kabisa sa hivi anavaa viatu mbio. Ukimuuliza anakwambia hajaogopa ugonjwa, ameogopa watu wengine.

Alafu kuna jambo jingine ambalo nyie hamkuliona, serikali inakuonaje ukiwa na kitu ndani. Machi 1983 Sokoine akiwa waziri mkuu ikaanza ile vita ya wahujumu uchumi, ikatungwa na sheria mwaka huohuo, nyumba na magodauni yakapekuliwa. Walanguzi walikuwepo, tena wengi, watu wanaficha vitambaa na sabuni mpaka bei ipande mara tatu, na Sokoine sisi tulimpenda na Aprili 1984 alipofariki ajalini pale Dakawa watu walilia kweli. Lakini woga ule haukuchagua. Watu walitupa mali vichakani usiku, wengine wakamwaga sukari, yani sukari iliyotafutwa kwa jasho inamwagwa kwa hofu. Mimi na baba yenu tulikuwa na miche kadhaa ya sabuni na mafuta ya Kimbo yaliyopita kwa njia za panya kule Rombo mpakani na Kenya, sio ya biashara, ya kula, na tukawa tunaiongelea kwa kunong'ona kama tumeiba. Mana nani atakuja kutofautisha akiba na kuficha? Kipimo kilikuwa hakipo.

Sasa geuka uangalie huko kwenu. Mwishoni mwa 2024 serikali ya Uswidi iliitumia kila nyumba kijitabu, wewe mwenyewe ulinisomea, weka vitu vya kukutosha wiki nzima, maji lita tatu kwa mtu mzima kwa siku, redio, hela taslimu. Wameona Urusi imeingia Ukraine 2022, wameingia NATO Machi 2024, na hawataki siku ya siku watu wote wakimbilie dukani kwa wakati mmoja. Machi 2025 Umoja wa Ulaya nao ukasema kila nyumba iweze kujitegemea saa 72. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Aprili, umeme ukakatika Hispania na Ureno karibu nchi nzima, kadi hazisomi, treni zimesimama, watu wanatafuta redio za betri na mishumaa na noti. Hapo hata aliyekuwa anamcheka jirani alikaa kimya. Gunia lilelile, kwetu lilikuwa kesi, kwenu ni raia mwema. Mimi naona hao wa Uswidi wamefikiri vizuri na sisi tungeweza kufikiri hivyo.

Mana kuna kuweka na kuweka. Anayenunua kopo moja moja wakati duka limejaa hajamnyima mtu, tena siku ya shida yeye hayupo kwenye foleni, kapunguza kichwa kimoja. Anayesubiri tangazo ndio apakie troli tatu, huyo kachukua cha mwenzake. Vitu ni vilevile, siku ndio tofauti.

Na usimcheke jirani yako, sisi hapa kila nyumba ina simtanki juu na ndoo zimejaa uani na hakuna anayetuita vichaa. Mtu akienda Mbeya anarudi na gunia la mchele. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilipozuia kuvuna miwa, sukari ikaruka mpaka shilingi 4,000 na zaidi kwa kilo, mimi nilikunywa chai yangu vizuri tu. Lakini nikwambie kilichoniuma, mama anayetufulia hapa jirani. Yeye ananunua sukari robo, mafuta ya kupima, unga nusu kilo, kila siku kwa hela ya siku hiyo. Huyo ukimwambia weka akiba ya wiki unamtukana. Kwa hiyo unaposema watu wa kawaida wanaweka vitu, ujue ni wale wa kawaida wenye hela ya ziada kidogo na pa kuweka. Wa chini yao shida inawakuta mikono mitupu, na bei wanayokuja kulipa imepandishwa na sisi tulionunua mbili mbili.

Wewe sasa. Dawa ya pumu ya mjukuu wangu ndio ya kwanza kabla ya hayo makopo, usikae na moja tu. Noti ndogo ndogo, sio kubwa, mana hakuna atakayekuwa na chenji. Chakula weka kile mnachokula kila siku, kile cha zamani mle kwanza, mtoto hawezi kuanza kujifunza kula maharage ya kopo siku umeme umekatika. Na mjue jirani gani ana nini, huyo mwalimu ana jiko la gesi, wewe una mchele, mmeshamaliza.

Alafu nitumie hicho kijitabu, wanasema kipo na cha kiingereza. Kwenye vikoba yetu tumekubaliana mwezi wa nane tununue mahindi kwa pamoja bei ikiwa chini, tuyaweke kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa dumuzi asitumalize, tugawane mwezi wa pili yanapokuwa ghali, na huyo mama anayefua tumemwingiza, anachangia kidogo kidogo. Katibu wetu anataka aone wenzetu wamepangaje kuhusu maji, mana mahindi tunayaweza ila maji bado tunabishana.

Mama yako.