Jibu: Mwigizaji gani wa Kisami nianze naye?

Mkuu, umeuliza uanze na nani kati ya waigizaji wanawake wa Kisami, yaani wa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Norway, Sweden, Finland na Urusi. Anza na Anni-Kristiina Juuso wa Finland.

Tafuta *Kukushka*, filamu ya Urusi ya 2002. Ni mwaka 1944, vita vinaelekea ukingoni. Mjane wa Kisami anawapa hifadhi wanaume wawili maadui: Mfini anayesema Kifini na Mrusi anayesema Kirusi. Yeye anasema Kisami tu. Hakuna anayemwelewa mwenzake hadi mwisho! Anni anaongea lugha ya mama yake bila kuipunguza hata chembe, na wewe mtazamaji unamwelewa kwa macho, mikono na kicheko chake. Mimi sijaona uigizaji wa kweli kama ule. Urusi ilimpa Tuzo ya Taifa mwaka 2004.

Kisha mtazame kwenye filamu ya 2008 kuhusu uasi wa Wasami wa 1852 huko Kautokeino, kaskazini mwa Norway, akiwa Elen Skum. Mwongozaji ni Nils Gaup, Msami mwenzake, mmoja wa waanzilishi wa Beaivváš, kikundi cha maigizo cha Wasami kilichoanza 1981 hukohuko Kautokeino.

Anni amefanya kazi pia ya utangazaji kwa Kisami. Ukishaiona *Kukushka*, rudi hapa tuongee.