Uliza Biashara: Wanaangalia status, hawanunui

Mwezi huu meseji zimejaa mpaka simu inagoma kufunguka, na nyingi zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, mteja alikuja mara moja, akasifia kweli, akaondoka, mpaka leo hajarudi. Nimechagua tano. Nimezipunguza kidogo maana kuna mtu kanitumia voisi noti ya dakika 11 jamani, nusu yake jogoo anawika.

Anti shikamoo. Natengeneza keki hapa Mbagala, mwaka wa pili sasa. Kwenye simu nina namba kama 600 za wateja na ndugu. Kila siku napost status, wanaangalia watu 150 hadi 180 lakini wanaouliza ni wawili, nao wakishajua bei kimya. Nikituma brodkasti, ile meseji moja kwa watu wengi, ndo kabisa, hakuna anayejibu. Nakosea wapi? (Mama Keki, Mbagala)

Marahaba mwanangu. Tuanze na brodkasti maana hapo wala sio kosa lako, ndivyo WhatsApp ilivyo. Meseji ya brodkasti inamfikia yule tu aliyesevu namba yako kwenye simu yake, wewe kumsevu yeye haitoshi, na listi moja mwisho watu 256. Kwahiyo unaweza kukaa umeandika meseji nzuri na picha juu, ukatuma, ukasubiri, kumbe wengi wala haijawafikia na wewe unanuna unasema wateja wana roho mbaya. Dawa yake ni siku unapomkabidhi mtu keki, mwambie palepale "dada nisevu, andika Mama Keki Mbagala", halafu simama hapo mpaka asevu. Usione haya. Mbona hela ulipokea.

Status sasa. Hao 150 wengi wao ni majirani, mashosti uliosoma nao na wifi yako, wanapita kuchungulia tu kama mtu anavyochungulia dirishani kwa watu. Wasikutie presha. Status inakaa saa 24 inafutika, na mtu mwenye shughuli mwezi ujao hakumbuki keki aliyoiona jumanne. Ila kitu kimoja acha leo hii, ile tabia ya kuandika "bei njoo inbox". Mtu akiona hivyo anajua bei itapangwa kwa kuangalia profaili yake. Andika kilo moja shilingi ngapi, nusu kilo ngapi, boda mpaka Temeke ngapi. Anayeweza atakuja, asiyeweza hatakupotezea bando.

Halafu nikuulize swali mwanangu. Mwaka jana umeuza keki ngapi za bethidei? Kila moja uliandika jina la mtoto na umri wake kwa krimu, kwa mkono wako mwenyewe. Yaani mzazi alikupa jina la mwanae, alikupa anatimiza miaka mingapi, alikupa na tarehe. Ukazipeleka wapi? Zililiwa!

Hapo ndo biashara yako ilipo, sio kwenye status. Nunua kaunta buku, ligawe sehemu 12, Januari mpaka Desemba, kila keki inayotoka andika mstari mmoja tu, tarehe, jina la mtoto, anatimiza miaka mingapi, jina la mama, namba, keki ilikuwaje. Kama ya mwaka jana hukuandika rudi kwenye galari ya simu, picha zina tarehe, kaa nazo jioni moja na chai yako uzinakili. Halafu kila tarehe 1 unafungua mwezi wako, na siku 10 kabla ya bethidei ya mtoto unamtumia mama yake meseji ya peke yake, sio brodkasti: "Mama Junior habari za siku, tarehe 14 kijana anatimiza 5 eti? Mwaka jana tulimfanyia ya gari jekundu, mwaka huu anapenda nini?" Na ile picha ya mwaka jana iambatane. Umeona hapo hakuna neno nunua wala ofa wala asilimia. Mzazi akiona picha ya mwanae akiwa na miaka minne anacheka mwenyewe, na wengi wataagiza hata kama hawakupanga, maana umewakumbusha kabla pesa haijaenda kwingine. Kwanini siku 10? Ukimkumbusha siku 2 kabla keshaagiza kwa mwingine, ukimkumbusha mwezi mzima kabla atakwambia "sawa nitakucheki" na hakucheki.

Tahadhari moja, na hii nasema taratibu. Asipojibu, rudia mara moja baada ya siku 3, nyamaza. Mwaka ni mrefu, nyumba za watu zina mengi, watu wanaachana, watu wanafiwa. Hutaki kuwa yule anayesisitiza keki kwenye nyumba yenye msiba. Akikwambia kuna shida, mpe pole, na pole hiyo isiwe na bei mwishoni.

Habari mshauri, nina duka la dawa za mifugo na chakula cha kuku Morogoro. Wateja wananunua vifaranga kwangu 100, 200, halafu chakula wanaenda kuchukua kwingine. Nimeshusha bei bado. Nifanyeje? (Kaka wa Kuku)

Kaka, kushusha bei ulikosea, na usishushe tena. Yani wewe ndo una kalenda nzuri kuliko wafanyabiashara wote walioandika mwezi huu, huioni tu. Mtu akibeba vifaranga leo unajua kabisa siku ya 7 anatakiwa chanjo ya kideri, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 anarudia kideri. Unajua wiki gani anatoka kwenye stata, chakula cha kuanzia, aende finisha, cha kumalizia. Kuku 100 wa nyama mpaka kuuzwa watakula kama mifuko 6 au 7 ya kilo 50, hiyo ndo pesa, kifaranga chenyewe faida yake kidogo. Sasa mteja kabeba boksi, ukamwambia asante karibu tena, ukarudi kuangalia mpira. Siku ya 7 kasahau, siku ya 12 wanaanza kuzubaa wawili watatu, anakimbilia duka lililo karibu naye akiwa kachanganyikiwa, yule muuzaji anamsaidia, na huyo ndo kawa daktari wake kuanzia siku hiyo. Chakula atachukua hukohuko, hata kama kwako bei ni pungufu kwa 1,000.

Andika tarehe aliyobeba. Siku ya 6 jioni piga simu, kwa hapa PIGA, usitume meseji, mfugaji mikono michafu hasomi. "Mzee wangu kesho siku ya saba, chanjo ipo, nikuwekee? Maji ya kuwachanjia yasiwe na dawa ya maji ya bomba, na waache bila maji saa moja au mbili ili wayanywe haraka." Dakika moja. Uliza na wamekufa wangapi, andika. Siku ya 13 hivyohivyo, siku ya 20 hivyohivyo. Ikifika wiki ya nne muulize soko kapata? Kama kuna mama ntilie au baa inatafuta kuku na unawafahamu, waunganishe, usidai hata mia. Akiuza vizuri atarudi kubeba vingine, akidodewa na kuku wa wiki ya 7 wanaokula bure hutamwona tena, na hapo hata bei yako ingekuwa sifuri.

Umeniuliza pia kwa simu kuhusu WhatsApp Business. Ndio ni nzuri, ipo tangu 2018, ya bure, ina lebo, unaweza kuweka lebo "siku ya 7" ukabandika kwa wateja. Lakini daftari ukutani karibu na mzani litakusaidia zaidi maana hata kijana wako wa dukani anaweza kulisoma wewe ukiwa umesafiri.

Shikamoo mama. Nauza vitenge Mwanza, nakopesha watumishi, wanalipa mwisho wa mwezi kwa awamu mbili. Kuna wanaonizungusha. Shoga yangu ananishauri niwaweke picha zao status waone aibu. Nawadai kama laki 8 hivi, mtaji unakata. (Muuza Vitenge)

Marahaba mwanangu, pole, na huyo shoga yako mwambie asante lakini hapana. Kwanza utakusanya deni moja na kupoteza wateja ishirini, maana wote wanaoangalia watajiuliza siku nikichelewa mimi je. Pili, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kazi Mei 2023, kuanika picha na deni la mtu hadharani kunaweza kukugeuzia kesi, wewe mwenye kudai ukawa mshitakiwa. Yale mambo ya kuaibisha watu ya mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, waachie wenyewe.

Tatizo lako nadhani lipo mwanzoni. Unampa mtu doti mbili kwa "mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi ndo lini? Tarehe 24? Tarehe 5? Kila mtu ana wake. Kabla kitenge hakijatoka kwenye mfuko andikeni tarehe na kiasi, mbele yake, umtumie hapohapo WhatsApp: "Dada nimekupa doti 2, awamu ya kwanza tarehe 26, ya pili tarehe 26 mwezi unaofuata." Ajibu sawa. Siku moja KABLA ya tarehe mkumbushe kwa upole pamoja na lipa namba yako, kukumbusha kabla sio kudai, kukumbusha baada ndo kudai, na watu wanachukia kudaiwa ila hawachukii kukumbushwa. Siku ya tarehe mshahara ukiingia kuna foleni ya wenye madeni, wa kwanza kukumbukwa ndo wa kwanza kulipwa.

Na tafadhali usichanganye. Nimeona meseji uliyonitumia, unamdai mtu 40,000 halafu chini umeweka picha za mzigo mpya na moyo mwekundu. Huyo ataangalia mzigo, atalisahau deni, au ataogopa kufungua meseji zako zote. Deni peke yake, biashara peke yake. Mwenye deni mzigo mpya asitumiwe kabisa mpaka amalize, akiona wenzake wanavaa mpya atakutafuta mwenyewe, wallahi nakwambia.

Hao wa laki 8, kaa nao mmoja mmoja kwa simu, muulize anaweza shilingi ngapi kwa wiki. Elfu 5 kwa wiki inayokuja kweli ni bora kuliko elfu 40 ya kiapo.

Shangazi, mimi msusi, niko Likoni, Mombasa. Wateja wengi hulipa kwa M-Pesa kwa hivyo namba zao ninazo. Rafiki yangu aniambia niwatumie wote meseji za ofa. Ni sawa? Na nimfuate mtu mara ngapi kabla aone namsumbua? (Msusi wa Likoni)

Kwenu Kenya sheria ya kulinda data ipo tangu 2019 na inataka mtu akubali kabla hujatumia taarifa zake kwa biashara. Mtu kulipa nywele sio kukubali meseji. Lakini kwa msusi hii ni rahisi mno, unakaa na kichwa cha mtu saa 5, mmeshaongea mpaka ya mama mkwe, utashindwa kumuuliza? Ukimaliza mwambie "rasta hizi usizidishe wiki 8, nikukumbushe kufumua?" Akisema ndio, hiyo ndo ruhusa, andika. Wiki ya 7 mtumie. Akikwambia usinitumie tena, mfute kweli, sio umfute leo umrudishe mwezi wa Krismasi.

Mara ngapi? Inategemea una la kumwambia. Mimi nina fundi wangu wa nguo, ana kaunta buku lina vipimo vyangu vya miaka sita, kila mwaka wiki tatu kabla ya Idi ananipigia mara moja tu, "mama vipimo vyako vya mwaka jana ninavyo, nikate hivyohivyo au umenenepa?" Namtukana, halafu napeleka kitambaa. Mara moja kwa mwaka. Na kuna duka moja la simu linanitumia sms kila siku saa 12 asubuhi, nililiblok zamani.

Mambo anti, nauza viatu vya mtumba Dodoma, nina laki moja. Nilipie tangazo Instagram au nimpe mtu maarufu wa hapa anipost? (Dogo wa Viatu)

Poa dogo. Hakuna hata kimoja kwa sasa. Mtumba ni pea moja moja, tangazo likikuletea watu 40 wanaotaka kiatu kile kile cheusi namba 42, wale watu 39 waliobaki utawaambia nini? Chukua 80,000 uongeze mzigo, 20,000 iwe bando na vocha. Fungua belo, kabla hujapanga barazani piga picha pea nzuri kumi, kila pea mtumie mtu mmoja au wawili ambao mguu wao unaujua, "kaka 43 yako imeingia, ngozi, nakushikia mpaka saa 10 jioni." Saa 10 ikifika hajaja, panga barazani kweli. Na kama namba za miguu ya wateja wako hukuwahi kuziandika, anza na atakayekuja kesho asubuhi.