Keria itakubali kivuli cha Nakuru?

SWALI: Habari zenu. Niko Nakuru, nyuma ya nyumba kuna miparachichi mikubwa jua halifiki vizuri. Dadangu aliye Uingereza amenitumia picha ya kichaka cha maua ya manjano kinaitwa keria, kwake kiko kivulini na kimenawiri. Aniletee kipande?
– Mama wa Bustani

JIBU: Mama, keria ni mzuri kweli na kivuli chepesi inakipenda, jua kali hata hupausha maua yake. Asili ni China na Japani, jina limetoka kwa William Kerr aliyekusanya mimea huko China miaka ya 1800 mwanzoni. Shida ni hali ya hewa, kule inapukutisha majani kwenye winta, inapumzika, halafu baridi ikiisha inatoa maua kwa matawi ya mwaka uliopita. Sisi hapa usiku kunapoa sawa lakini hiyo winta hatuna, so mimi singeweka pesa hapo. Na tafadhali sana asibebe kipande kwa begi! Mmea wa kutoka nje unataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kwanza, magonjwa ya mimea huingia hivyo hivyo.

Jaribu pakistakisi, ile ya vishada vya manjano vimesimama kama mishumaa, asili yake Peru na kivuli kidogo haiisumbui. Lakini punguza matawi ya chini ya miparachichi mwangaza upenye, changanya samadi iliyooza vizuri, na kiangazi usiache kumwagilia kwa sababu mizizi ya mparachichi iko juu juu na inanyang'anya maji.