Picha ya mama anayemtoa mtoto chawa: usiuze kabla hujaigeuza nyuma

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Kwa wasioliona, dada yuko Delft, Uholanzi, bibi wa Kidachi aliyekuwa anamhudumia kamuachia picha ya zamani ya kuchora, mama kakaa ndani anamtafuta mtoto chawa, kona ya chini kuna saini ya P. de Hooch, mchoraji wa Kidachi wa karne ya 17, na muuza vitu vya kale kashamwambia atampa euro 250 leo leo. Usimpe. Sisemi una utajiri hapo, nasema bado hujajua una nini.

Mimi nipo Rotterdam na picha ya namna hiyo hiyo ilishapita mikononi mwangu, niliikuta kringloop, yaani duka la mitumba, kwa euro 40 nyuma ya makabati. Mchoro halisi uko Rijksmuseum, jumba la makumbusho kule Amsterdam, Pieter de Hooch aliuchora kama 1658 hadi 1660 hivi, Wadachi wanauita Moedertaak, yaani kazi ya mama. Panda treni ukausimamie mbele, ni bora kuliko kuuangalia kwenye simu. Mtoto kalaza kichwa mapajani kwa mama, nyuma yao kitanda kile cha kujengewa ukutani, mlango wa mbali uko wazi jua linaingia, kijibwa kimekaa, halafu kulia chini kuna kiti cha mtoto chenye tundu la kujisaidia. Sasa kwenye yangu kile kiti hakikuwepo, aliyenakili alikitoa akaweka kikapu, nadhani mteja wake hakutaka kutundika choo cha mtoto sebuleni. Ndo nikaanza kushtuka. Tena ya Rijksmuseum iko kwenye turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, kama sentimita 52 kwa 61, yangu ilikuwa ya ubao na ndogo zaidi.

Kabla ya yote chukua kioo cha kukuzia, angalia shavu la mama. Ukiona vidoti vidogo vimejipanga, hiyo ni ya kuchapishwa ikapakwa vanishi, hapo umemaliza. Kama ni rangi kweli, geuza nyuma. Nyuma hapo ndo mimi nilitumia jioni nzima. Mbao za karne ya 17 huku nyingi ni mwaloni, na mara nyingi kingo za nyuma zimechongwa mshazari ziwe nyembamba ili ubao ukae kwenye fremu. Yangu ilikuwa na unene ule ule mpaka mwisho, na ukiilaza pembeni ya taa unaona mistari ya msumeno imepinda kama upinde, yote inafanana, yaani ni mashine ya msumeno wa duara, hiyo ni karne ya 19 kuja juu, de Hooch alishakufa zamani. Kama yako ni turubai angalia kama kuna turubai la pili limegundishwa nyuma, na usibandue lebo, muhuri wala namba ya chaki hata kama inaonekana uchafu, hizo ndo zinaonyesha ilipita kwa nani na mnada gani.

Saini iache mwisho. Picha ya Vermeer, Mdachi mwingine wa enzi za de Hooch, ile ya mchoraji akiwa kazini iliyoko Vienna, Austria, ilikuwa na saini ya kughushi ya huyu huyu de Hooch na mpaka 1860 watu waliamini ni yake, kwa sababu enzi zile jina la de Hooch lilikuwa linauza kuliko la Vermeer. Kwa hiyo jina kwenye kona halithibitishi kitu. Angalia rangi ya herufi kwenye nyufa, kama imemwagikia ndani ya ufa basi imeandikwa baada ya picha kuzeeka na kupasuka. Ya kwangu ilikuwa hivyo.

Na tafadhali dada, usiifute. Mimi nilichukua kitambaa chenye maji na sabuni kidogo tu nikapitisha kwenye aproni ya mama, nikaona kitambaa kimegeuka rangi ya kahawia nikafurahi nikidhani ni moshi wa miaka, kumbe vivuli vya aproni vinatoka. Mpaka leo inaniuma.

Ukishapiga picha mbele na nyuma, ingia kwenye hifadhi ya picha ya RKD, taasisi ya historia ya sanaa iliyoko Den Haag, ni bure, tafuta jina la mchoraji ulinganishe. Halafu peleka nyumba za mnada mbili au tatu, nyingi zinakadiria bure, na sikiliza neno watakaloandika kabla ya jina. Toegeschreven aan maana yake wanadhani ni yeye, navolger van ni mtu aliyemfuata mtindo, naar ni nakala. Bei iko kwenye hilo neno. Yangu iliandikwa naar, karne ya 19, wakakadiria 300 hadi 500, ikauzwa 620 na wao wakakata asilimia yao humo, kwa hiyo uliza makato kabla hujasaini. Na hiyo ni nakala, tena nimeshaiharibu aproni, ndo ujue 250 ya huyo jamaa ilivyo.

Weka hapa picha ya nyuma, ipigie mwanga wa dirishani bila flashi, na vipimo bila fremu. Nitaangalia usiku nikitoka kazini.